Karatasi ya Pakiti ya Sigara

Buxton, Mombasa
12 Aprili 1995

Kwa kaka yangu Ngumbao,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kaloleni, wewe na shemeji Kanze na watoto. Natumai nyote hamjambo. Mimi ni mzima kiasi, ila mikono yote miwili imefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, anayeandika ni Nekesa, mke wa Joab yule dereva wa teksi.

Kaka, niliungua. Wiki jana Joab alikuwa akipita na teksi yake mbele ya karakana yetu, mara moshi ukafuka chini ya dashibodi. Kufumba na kufumbua, moto! Mlango ukakwama. Nilivunja kioo nikamvuta, akatoka miguu imeungua vibaya. Yuko hospitali, daktari amesema atatembea, ila si leo wala kesho. Tangu hapo mtaa mzima unaniita shujaa. Nekesa huniletea uji kila asubuhi, huninywesha kwa kijiko na kuniombea dua. Uji wenyewe nauacha nusu, kaka. Nikisikia tu hatua zake ngazini, nageukia ukutani.

Leo amenisomea barua yako. Umesema Ijumaa Kuu utakuja na pikapu, wewe na watoto wote, na umenishukuru kwamba ile fyuzi ya taa zake niliyokutengenezea Desemba haijakatika tena. Haki ya Mungu, niliinuka ghafla, hata Nekesa akaniuliza kuna nini. Nikamwomba achukue karatasi na kalamu upesi, maana basi la Kaloleni linaondoka saa sita.

Fyuzi kazi yake ni kukatika. Waya zikigusana mahali, inakatika yenyewe ili waya zisiungue. Fundi wa kweli hutafuta kwanza zilipogusana, ndipo aweke mpya ya nguvu ileile. Yako ilikatika mara tatu siku ile, nawe ulikuwa na haraka, nami uvivu ukanishika. Niliizungushia ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, nikairudisha. Taa zikawaka, ukanisifu. Jamani, karatasi ile haikatiki! Inayoungua ni waya.

Na teksi ya Joab niliifanyia vivyo hivyo.

Hapo Nekesa aliweka kalamu chini. Alikwenda dirishani akasimama huko muda mrefu, nami sikuthubutu kumtazama. Moto niliuogopa, lakini si kama nilivyoogopa mgongo wake. Sasa amerudi. Amesema tu tuandike kwanza ya kuwaokoa watoto wako.

Basi usiiwashe hiyo pikapu. Chomoa waya ya betri sasa hivi, kisha fungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Ya pili kutoka kushoto, itoe uitupe. Watoto wasiipande kabisa. Njooni kwa basi, kama bado utataka kuniona.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa jina.

Ni mimi mdogo wako,
Kalama

Bwana Ngumbao, huyu ni Nekesa. Barua naipeleka kwenye basi mwenyewe, isije ikachelewa. Kuanzia kesho sitakuja tena hapa, naye hawezi kushika hata kijiko. Njooni upesi.