Tuta la Kwanza la Bibi Sesilia

Jumatatu, 4 Machi 1974

Misa ya asubuhi. Uji. Kisha klabu ya wanafunzi wa sekondari, ambayo mimi ni mlezi wake tangu nilipostaafu ukatekista. Nimewafundisha kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kujenga hoja na kuisimamia. Mwenyekiti wao, Leonsi, alipofika kutoka kijiji cha Kate alikuwa na kigugumizi kikali. Leo amesema nusu saa bila kukwama. Nampenda kama mwanangu.

Azimio: Jumamosi tutamlimia Bibi Sesilia, mjane wa jirani na shule. Shamba lake ndilo chakula chake.

Jumamosi, 9 Machi

Tumemaliza. Matuta ya ntumba shamba zima: nyasi chini, udongo juu, zioze hadi msimu wa ulezi.

Kwetu Ufipa mwenye shamba huinua tuta la kwanza kwa jembe lake mwenyewe, hata akisaidiwa na kijiji kizima. Ndivyo anavyoonyesha kuwa shamba ni lake. Bibi ana homa, lakini aliinuka akashika jembe. Nikamzuia. Nikamwambia akae, hawa ni wajukuu zake.

Leonsi akamtania: "Bibi, leo wewe ni bwana shamba. Kazi yako kutugombeza tu!"

Akacheka mpaka akakohoa. Siku njema. Deo gratias, Mungu ashukuriwe.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu wa shule anatafuta shamba la elimu ya kujitegemea, na analitaka karibu na shule. Wanafunzi hawazungumzi jambo jingine.

Leonsi alinisimamisha njiani. Akauliza kama ni kweli Bibi hakuinua tuta hata moja. Nikajibu ni kweli. Akanishukuru kwa adabu. Sikumwuliza sababu. Uvivu wa akili, au upendo wangu kwake.

Jumapili, 17 Machi

Mkutano wa kijiji baada ya Misa. Leonsi aliomba nafasi ya kusema. Hoja tatu, kwa utaratibu, kama nilivyomfundisha. Ardhi ni ya wote. Matuta yameinuliwa kwa mikono ya wanafunzi. Na kwa desturi ya wazee wetu, asiyeinua tuta la kwanza hana neno juu ya shamba.

"Shahidi wangu ni Baba Katekista."

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia: "Ni kweli, mzee?"

Nilisema ni kweli. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyemzuia, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe bwana shamba ni katekista!" Watu wakacheka. Maneno yangu yakazama humo.

Mikono ikainuliwa. Klabu yangu yote iliinua. Shamba limekuwa la shule. Bibi Sesilia alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesalitiwa. Ninaandika neno hilo bila kulipunguza.

Nilimfungua ulimi kijana, naye ameutumia kumpokonya mjane chakula. Na ushahidi nimeutoa mimi. Nilidhani ninawafundisha huduma. Niliwafundisha kushinda.

Mkuu wa shule amewasifu mbele ya gwaride. Nimepeleka barua ya kuacha ulezi. Mistari miwili.

Alhamisi, 21 Machi

Nilimwendea Bibi, nikampa nusu ya shamba langu la mtoni. Akakataa kwa upole. Amechoka, atakwenda kwa binti yake aliyeko kijiji cha Msanzi. Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nitapata baridi.

Ijumaa, 29 Machi

Lori limemchukua asubuhi. Leonsi alikuja bila kuitwa, akampakilia kinu na magunia. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamwambia asome kwa bidii. Lori likaondoka. Tukabaki wawili barabarani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akangoja. Manyunyu yakaanza, nikamwambia awahi shule, asilowe.

Jioni, Njia ya Msalaba. Nilimwombea Bibi Sesilia safari na afya. Jina la Leonsi nililifikisha mdomoni. Halikutoka.