Uso Wako Kwenye Kioo Changu

Kwako mama yangu uliyenitangulia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani, saa ile ya adhuhuri ambayo Kariakoo husinzia kidogo na makelele ya spika yanasikika kama yanatoka mji mwingine. Ungekuwapo ungekuwa umejilaza juu ya majora ya vitenge, jicho la kulia limefumba, la kushoto liko wazi linalinda duka.

Macho yako hayo yalituletea vituko. Ulipopepesa, la kulia lilifumba peke yake, na wanaume wakadhani unawakonyeza. Unamkumbuka yule mzee wa Mchikichini aliyekuwa akirudi kununua vitenge asivyovihitaji, amejipulizia marashi hadi mtaa wa pili? Baba alinuna, wewe ukacheka kwa nusu mdomo. Uso wako ulipinda kabla sijapata akili, kwa hiyo kwangu mama ni mtu anayecheka upande mmoja.

Ulituambia ni kofi la jini. Ndivyo na wewe ulivyoambiwa. Ukasomewa, ukachuliwa kwa mafuta, na hospitali hukufika.

Basi mwaka huu, asubuhi moja, nilisukutua na maji yakanimwagikia kifuani. Nikainua uso kwenye kioo, nikakukuta. Wako ulilegea kushoto, wangu umelegea kulia, ndiyo maana kioo kilikurudisha sawasawa na nilivyokuzoea. Wallahi sikuogopa. Nilikuamkia.

Woga ulikuja baadaye. Mama mdogo alifika mbio kutoka Jangwani, akaniuliza nilikaa wapi wakati wa magharibi, saa za majini, akataka twende kwa mganga wake. Nilimwambia naanzia hospitali. Alilalamika njia nzima, lakini mkono wangu hakuuachia.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akanitaka ninyanyue mikono, nioneshe meno, nikunje paji la uso. Upande wa kulia paji lilitulia kama shuka lililopigwa pasi. Akaeleza kwamba kiharusi mara nyingi huliacha paji likunjike, ila mtu asijipime nyumbani. Uso ukipinda ghafla, akimbilie hospitali. Wangu ulikuwa mshipa wa fahamu unaopita karibu na sikio, ndani ya njia nyembamba ya mfupa. Ukivimba unabanwa, na uso haupati amri. Chanzo mara nyingi hakijulikani kwa hakika, pengine ni virusi.

"Umewahi, mama," alisema. "Dawa ya kushusha uvimbe inasaidia zaidi ukianza siku za mwanzo. Wengi wanapona."

Akanipa na matone, akanifundisha kulifunga jicho kwa plasta ninapolala lisije likakauka. Hapo ndipo nililia, mama. Jicho lako lilikuwa jekundu miaka yote, na sisi tulisema ni vumbi la majora.

Wiki zilizofuata niliishi nawe. Asubuhi nilikupaka wanja, nikakueleza bei zilivyopanda. Wateja wako wa zamani walisimama mlangoni wakaniita kwa jina lako, nami nikaitika. Dawa nilimeza kama nilivyoelekezwa, kwa sababu wanangu wananitegemea na hili jicho nalitaka. Lakini kila nilipomeza, moyo ulisita.

Kisha shavu likaanza kucheza. Nyusi ikanyanyuka kidogo. Ukawa unapungua, leo pembe ya mdomo, kesho kope. Nikakuomba ubaki angalau hadi Idi, huku nikijua kwamba ninachoomba ni maradhi. Nilitamani kupona na nilitamani kukuona, na vyote viwili nilivitaka kwa uso huohuo mmoja.

Juzi daktari kaniambia nimepona. Mama mdogo alipiga vigelegele palepale kliniki, akasahau kabisa habari za mganga. Nyumbani wajukuu zako walinipeleka mbele ya kioo, wakaniambia nicheke. Nikacheka, pande zote mbili zikaitika, na wewe hukuwapo.

Pumzika, mama yangu. Nimefika salama huku niliko, na nakushukuru kwa kunisindikiza. Nyumba nzima imenipa hongera. Wa kunipa pole ungekuwa wewe.

Mimi,
kitinda mimba wako