Mpangaji wa Pili wa Ghorofa ya Tatu

Mama Zuhura, mke wangu mbishi,

Nakuandikia kwa mwandiko huu huu, ule uliosema kuku kapita na miguu ya matope. Darasa la nne halikunipa mwingine.

Nimehama mtaa wetu wa Ng'ambo. Chumba chetu kimevunjwa, mwenyewe anajenga maduka. Sasa nimepanga ghorofani, huku mji unakotanukia, upande wa njia ya Nzega. Ghorofa ya tatu, wewe uliyekuwa ukipanda kiti kufuta buibui huku umefumba macho. Vyumba viwili, na choo kiko ndani, hatua nne kutoka kwenye ugali. Ungekisusia wiki nzima.

Unakumbuka tulivyoingia Ng'ambo na godoro moja na sufuria mbili? Mvua ikivuja upande wangu, unavuta godoro. Ikivuja upande wako, unanisukuma mimi. Ulisema, "Wewe una ngozi nene." Nililala nimelowa, nacheka.

Sasa nitubu. Siku ya kuandikishana mkataba, mwenye nyumba, Mama Ndahani, Mgogo wa Dodoma, aliuliza tutakaa wangapi. Nikasema wawili. Mdomo ulitangulia. Akauliza, mwenzangu yuko wapi? Nikasema yuko Puge kwa dada yake, atakuja. Puge si uongo. Nilikuacha huko mwenyewe, jembe mkononi.

Miezi mitatu nimekutungia safari. Mara unavuna karanga, mara dada anaumwa mguu. Na kwa kuwa Mgogo na Mnyamwezi ni watani, yule mama hakuniacha. Eti nimekubebesha mzigo ukakimbia, maana sisi ni wajukuu wa wapagazi. Nami namwambia mababu zake walitutoza hongo, ule ushuru wa misafara, kupita kwao, na yeye leo katufuata hadi Tabora kututoza kodi ya kukaa kwetu. Tunacheka ngazini. Nikiingia ndani nakaa chumba kimoja. Cha pili, chenye nguo zako, nimekifunga.

Juzi akapanda na mkeka mpya wa ukindu. Wa kukupokea, kasema. Niliutazama ule mkeka nikakosa safari nyingine ya kukutungia.

"Mama Zuhura hayupo," nikamwambia. "Tulimzika."

Hakunipa pole. Unawajua watani kwenye msiba. Kwako hakufika hata mmoja, mvua ilikata barabara, tukakuzika kimya kama tunaficha kitu. Mama Ndahani akautandika mkeka sebuleni, akajilaza, akajifunika khanga mpaka kichwani, akaanza kulalamika kama ndiye wewe: "Mnamwona Mnyamwezi huyu? Hata kifo changu kakificha, anaogopa mtakula pilau yake."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikanigeuka. Nikalia, mke wangu, kilio ambacho Puge sikukilia. Alikaa pale chini mpaka nikanyamaza, ndipo akasema, "Pole, mtani."

Leo tumeandika mkataba mwingine, wa chumba kimoja, ghorofa ya chini. Nguo zako nitampelekea dada yako mwenyewe. Gauni la kijani silitoi, na usinibishie.

Siku ile kaburini nilikuambia nafika nyumbani mara moja narudi, kama mtu aliyesahau kofia. Sikukuaga. Leo nakuaga.

Kwaheri, Mama Zuhura.

Mumeo