Kura ya Dada Thelma

Glenbarra, 26 Aprili 1972

Mpendwa Dada Thelma,

Natumaini umefika salama huko Hobart na koti la mvua hukulisahau. Huku tu wazima, ila Baba kifua kinambana tangu baridi ianze, na daktari hamtaki. Si unamjua.

Ushindi wako ulitangazwa redioni tukiwa bandani tunapakia matufaha. Mashine ilizimwa, wanawake wakayapiga makasha kama ngoma. Mzee Clarrie akasema, "Mtu wa kwanza kutoka bonde letu kuingia Bungeni, na ni mwanamke asiyejua hata kurudisha trekta nyuma!" Nikamjibu, "Ndiyo maana yeye anakwenda mbele tu." Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Usitusahau, Dada. Waingereza wakiacha kununua matufaha yetu, hapa hapatabaki mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Wyn


Hobart, 9 Juni 1972

Mdogo wangu Wyn,

Barua yako imenichangamsha. Mimi mzima, miguu tu inaniuma kwa ngazi. Choo cha wanawake kiko chini kabisa, maana waliojenga jengo hili hawakuwaza kwamba siku moja tutafika. Siku ya kwanza mbunge mmoja mzee aliniita, "Binti, chai yangu iko wapi?" Nikamwambia, "Hata mimi naitafuta, mheshimiwa. Ukiipata niite." Tangu hapo ananiwekea kiti karibu naye.

Jana nilitoa hotuba yangu ya kwanza. Nilisoma mistari miwili tu ya karatasi yangu. Nikaiweka chini nikawaeleza tu jinsi wanaume wetu wanavyotazama miti waliyoipanda babu zao, bila kujua kama mwakani itakuwepo. Wakanisikiliza hadi mwisho. Nadhani kazi hii nitaiweza.

Mwambie Baba anywe dawa.

Dada yako,
Thelma


Glenbarra, 20 Agosti 1975

Mpendwa Dada,

Habari za tangu mazishi ya Baba? Mimi nimeanza kulala vizuri.

Miti yetu imeng'olewa Jumatatu, maana Waingereza hawanunui tena. Walikuja na matingatinga mawili, na kufikia saa sita safu zote zilikuwa zimelala. Mzee Clarrie alisimama uani kavua kofia. Lakini kila mtu hapa anasema bila wewe kupigania ile sheria ya kuwalipa fidia wakulima wanaong'oa miti, wangeondoka mikono mitupu. Wanakuita "Thelma wetu". Mimi pia nasema hivyo, na kwa fahari.

Tarehe kumi na nne imepita. Ametimiza miaka kumi na minane. Najua hupendi niandike haya, basi naishia hapo.

Mdogo wako,
Wyn


Hobart, 3 Machi 1987

Mdogo wangu Wyn,

Hujambo, na mgongo je? Mimi nasumbuliwa na magoti. Miaka kumi na mitano ya ngazi zile si mchezo.

Uliwahi kuniandikia juu ya tarehe kumi na nne Agosti, nikajibu barua yote isipokuwa mstari ule. Leo sina budi kuugusa. Umeletwa muswada wa kufungua majalada ya watoto walioasiliwa, ili mtoto akiwa mtu mzima aweze kumjua mama aliyemzaa, na mama naye aweze kujua mtoto aliitwa nani na yuko wapi. Chama chetu kinaupinga. Wamenipa mimi niongoze upinzani huo, kwa kuwa ni mwanamke, nami nimekubali.

Nitasema wako akina mama walioahidiwa siri, wakajenga maisha yao juu ya siri hiyo, na Serikali haina haki ya kuwabomolea. Sitakutaja, ila ujue nitakuwa nakusemea wewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, Baba alikuwa shemasi kanisani, nami nikakupeleka ukajifungulie kwenye ile nyumba ya wasichana ili mtu yeyote asijue. Nimeilinda siri yako miaka thelathini. Nitailinda tena.

Dada yako,
Thelma


Glenbarra, 6 Machi 1987

Thelma,

Leo sikuulizi hali.

Siri ya nani? Nani aliniuliza kama naitaka? Walinifunika uso kwa shuka nisimwone. Nilimsikia akilia mara mbili. Nesi mmoja akanihurumia, akaninong'oneza, "Ni msichana." Hicho ndicho nilichopewa, basi.

Siku ya sita ukaja na kalamu na ile karatasi ya kumtoa mtoto. Nikakuambia, "Dada, ningoje kidogo nifikiri." Ukasema, "Weka sahihi, Wyn, Baba anatungoja." Ukanishika mkono ukausogeza hadi kwenye mstari. Unakumbuka? Mimi nakumbuka hata pete uliyovaa.

Nilimwita Elspeth, moyoni mwangu tu. Kila mwaka nilimpandisha darasa. Msichana wa umri wake akiajiriwa bandani, namtazama masikio, maana masikio ya kwetu hayajifichi. Sikuolewa. Ukadhani ni aibu. Haikuwa aibu. Niliogopa nikihama hapa hataniona akija kunitafuta.

Ukitaka kuupinga muswada, upinge. Lakini usithubutu kusema ni kwa ajili yangu.

Wyn


Hobart, 12 Aprili 1987

Mdogo wangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Barua hii nimeichana mara nne. Wiki tano sijakujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kujitetea.

Nakumbuka. Nakumbuka na mkono wako ulivyokuwa wa baridi. Baba aliniambia, "Limalize jambo hili, Thelma," nami nikajiona mkubwa kwa kuaminiwa. Na baadaye, nilipoanza kugombea, niliishukuru siri ile. Nisingechaguliwa bila hiyo. Ilinilinda mimi, Wyn. Nimekaa miaka yote hii nikiiita yako.

Nimemwambia kiongozi wetu, Bwana Haslock, kwamba sitaongoza upinzani. Akauliza, "Utakaa kimya basi?" Nikasema sijui. Akasema, "Kaa kimya, Thelma. Umebakiza miaka michache tu, na uwaziri unakunukia."

Sitaki kukaa kimya. Lakini nikisema ukweli, bonde zima litajua ni wewe, kwa kuwa sina ndugu mwingine. Bila ruhusa yako sifungui mdomo. Kura ni tarehe 28.

Dada yako,
Thelma


Telegramu, Glenbarra, 15 Aprili 1987

SEMA. WAKIULIZA JINA WAPE. WYN


Hobart, 30 Aprili 1987

Mdogo wangu Wyn,

Natumaini u mzima na watu hawajajazana mlangoni kwako. Magazeti yametangulia, lakini nataka usikie kwangu.

Juzi nilisimama saa kumi jioni. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, wengi humu wamezungumza juu ya ahadi ya siri waliyopewa akina mama. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemwahidi mdogo wangu kitu. Aliomba muda wa kufikiri, nami nikamshika mkono akatia sahihi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona ninajua kila kitu." Mmoja akapiga kelele, "Aibu!" Sijui alimkusudia nani. Nikamjibu, "Ndiyo, mheshimiwa, ni aibu. Ni yangu, wala si yake, na leo naichukua."

Kisha nikavuka ukumbi nikakaa upande wa pili, pamoja na wanaouunga mkono muswada. Kutoka kwenye kiti changu ni hatua kumi na moja. Kumi na nane kwa kumi na sita, Wyn. Muswada umepita. Bwana Haslock amenipita koridoni kama mtu anayepita meza.

Dada yako,
Thelma


Glenbarra, 17 Mei 1987

Mpendwa Thelma,

Mimi mzima. Wewe je, wanakusemesha huko?

Siku ya kwanza bandani watu walinitazama viatu. Shemasi wa sasa amehamia benchi jingine kanisani. Lakini Alhamisi Beryl, mke wa Clarrie, alikuja jikoni kwangu na keki. Akakaa muda mrefu hajaikata. Halafu akasema, "Wangu alikuwa mvulana. Mwaka arobaini na nane. Clarrie hajui." Ana miaka sabini na mbili. Nikamshika mikono, tukalia mpaka chai ikapoa. Sasa ananiuliza fomu za kuomba majalada zitatoka lini.

Nimesoma hotuba yako yote. Hukujipamba. Bado nina hasira na wewe, Thelma, sitakudanganya. Ila nimeikata ile habari gazetini nikaiweka.

Wyn


Hobart, 20 Mei 1989

Mdogo wangu Wyn,

Habari za baridi ya huko? Mimi mzima, ila leo nimechoka.

Utakuwa umesikia. Nimeanguka kwenye uchaguzi, na vibaya. Chama hakikuniwekea hata bango moja, watu wa kanisani hawakunisamehe, na wengine waliniambia wazi kwamba nimezeeka tu. Nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Miaka kumi na saba imeingia kwenye makasha matatu. Mlinzi wa mlangoni, ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya "habari za asubuhi", alinibebea hadi kwenye gari. Akasema, "Mama yangu amepata barua kutoka kwa mwanawe, mheshimiwa. Kaka yangu. Sikujua kama ninaye." Akafunga mlango wa gari taratibu, kama vile kuna mtoto amelala ndani.

Wewe hujaniambia kama fomu zako zimejibiwa, nami siulizi. Sina haki hiyo.

Dada yako,
Thelma


Glenbarra, 28 Juni 1989

Mpendwa Dada,

Natumaini magoti yamepata nafuu sasa kwa kuwa hupandi ngazi. Mimi sijui hata hali yangu niielezeje.

Alipiga simu jana. Anaitwa Gwenda. Anafundisha watoto wadogo huko Burnie, ana wavulana wawili. Amelelewa na watu wema. Sauti yake ni ya mama yetu kabisa, nikakaa sakafuni na simu mkononi.

Aliniuliza mengi. Akauliza nani alinipeleka kwenye nyumba ile. Sikuficha. Nikasema, "Dada yangu." Kisha akauliza, "Ni yule mbunge?" Nikasema ndiye. "Nilisoma hotuba yake nikiwa sijui kwamba inanihusu," akasema. "Niliisoma mara mbili, nikaenda kuchukua fomu. Yupo bado?"

"Yupo. Wamemtoa Bungeni, sasa analalamikia magoti."

Akacheka. Akasema, "Sijui nitamwambia nini. Lakini awepo."

Anakuja Jumapili, tarehe tisa Julai, saa nane mchana, na wavulana wake. Nimepaka rangi lango, nimeoka, nimetupa nilichooka, nimeoka tena. Sijasahau chochote, Dada, wala sitasahau. Lakini njoo mapema, kabla yake. Sitaki kufungua mlango ule peke yangu.

Mdogo wako,
Wyn