Meko ya Mama

Suna, Jumanne, Agosti 1996

Sijui kwa nini sikumuuliza Mama kwanza. Miezi miwili nimezungumza na kila mtu habari za kutengeneza jiko upya, isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayepika humo.

Leo Bwana Ouma, mchoraji ramani za nyumba kutoka Homa Bay, alileta mchoro. Ni mzuri. Sinki iko chini ya dirisha, mlango wa uani umezibwa. Nilifurahi mpaka Mama alipouliza, "Na meko yatakuwa wapi?"

"Ukuta wa nyuma, Mama."

Mama haoni tangu mwaka juzi, lakini jikoni hatumshiki mkono. Anazijua hatua zake, na hajawahi kuungua.

Mama akasema, "Sawa, nyathina, mwanangu. Basi utakuwa unaniletea chakula."

Bwana Ouma akavua viatu. "Mama, nionyeshe unavyopika." Mama akatembea kutoka mlangoni hadi mekoni, kutoka mekoni hadi kwenye mtungi wa maji, naye akimfuata na futi mkononi, akipima kila hatua.

Atachora upya. Meko na mlango vitabaki palepale.

Lakini mafundi watakuwa humo wiki tatu, na matofali kila mahali, na Mama hataki kwenda kwa binti yake. Akijikwaa je?

Jioni nilimwomba msamaha. Alisema tu, "Lete unga, maji yanachemka."

Mpaka sasa sijui kama amenisamehe.