Watu Waliotembea Miguu Juu

Mjukuu wangu Nassor,

Salamu kutoka Pujini. Bibi yako kaanza tena kuugombeza mkaa wa jikoni, basi jua kapona.

Umeniuliza usome fizikia au uhandisi huko Kampala. Mie nimekumbuka ghala yetu ya karafuu. Mchana mmoja wa jua kali, dada yangu Zuhura na mie tulijifungia humo. Mwanga ukapenya tundu dogo la mlango, na ukutani tukawaona watu wa uani wakigeuza karafuu majamvini, miguu juu, vichwa chini, kimya kama ndotoni.

Mie nikaganda: kwa nini wamepinduka? Zuhura akalipanua tundu kwa msumari, aone vizuri. Picha ikaingia ukungu, watu wasitambulike. Akaliziba kwa bati alilolitoboa kwa ncha ya msumari ule ule, wakarudi, wazuri kuliko mwanzo.

Ghafla wakaanza kukimbia.

"Mvua inakuja, wanaanua!" akasema Zuhura. Akafungua mlango akaenda kuwasaidia, na watu wangu wote wakapotea. Nikabaki nautazama ukuta mtupu.

Wewe ungetoka naye, au ungebaki nami?

Babu yako,
ambaye bado yumo ghalani.