Namba ya Mama Ilipotoka Saba Hadi Moja

S.L.P. 614,
Kitale.

Jumapili, 8 Novemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Bramwel,

Mama nilimtoa kwenye jiko la hoteli yangu tarehe 11 Mei 2007, siku ya Ijumaa. Yeye mwenyewe akatuacha tarehe 9 Juni mwaka huu. Hilo la pili unalijua. Hilo la kwanza sijawahi kukuambia, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Lakini kwanza salamu, maana hatujafika mahali pa kuacha kujuliana hali. U mzima huko Leeds? Kile kifua cha baridi kimekurudia? Sisi tu wazima. Mume wangu Mukhwana ametandaza mahindi uwanjani, na kila alasiri wingu likionekana anakimbia na turubai kama mtu anayefukuzwa. Dada yetu Nangila bado anafundisha Bungoma na sauti imemkauka kwa mitihani.

Barua yako ya Septemba niliipata. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na daftari pembeni. Unasema vile vipokezi vinavyotambua uchungu wa kitu haviko kwenye ulimi peke yake, vimeonekana hata tumboni na kwenye njia ya pumzi, na kwamba wataalamu wenu wanatumaini siku moja kupata dawa za kuvilenga. Tena unasema ulimi usiosikia uchungu huenda ukawa dalili ya ugonjwa kabla mtu hajalala kitandani. Kazi nzuri, sikatai. Sasa unaomba uje Desemba utupime ndimi mara ya tatu, na safari hii watoto pia.

Basi nikukumbushe zile mbili za kwanza.

Desemba 2004 ulitupanga kwenye benchi nje ya nyumba ya Mama kule Sirisia, ukampa kila mtu vikaratasi vinane alambe, kuanzia kile kichungu kidogo hadi kichungu kabisa. Mimi ndiye niliyeandika, kwa sababu mwandiko wako hata wewe unakushinda. Mama alisikia uchungu kwenye saba. Kile cha mwisho alikitema hadi kuku wakatawanyika. Desemba 2006 ukarudi na vikaratasi vya aina ileile. Mama akalamba, akalamba, akakuangalia. "Bramwel, si unanilisha tu karatasi ya kiwanda cha Webuye?" Tulicheka mpaka Nangila akashika mbavu. Nikaandika: moja.

Mimi nilipata tano, nikabaki tano. Nangila sita na sita. Mama peke yake ndiye aliyeporomoka. Kurasa mbili za daftari moja, Bramwel! Na mimi ninayejua kila siku sahani ngapi zimetoka na ngapi zimerudi na chakula, sikuwahi kuzitazama hizo kurasa pamoja hadi juzi.

Hoteli hii niliianza na jiko moja na sufuria mbili, hakuna aliyenishika mkono. Kilichoijaza watu ni managu ya Mama, ile mboga ya majani machungu. Alikuwa anayachemsha, anaonja supu, akiona uchungu umezidi anamwaga maji na kuchemsha tena, ndipo anatia maziwa. Hakuwa na saa wala kipimo. Kuanzia Februari 2007 akawa anaonja mara moja tu na kusema yako sawa. Hayakuwa sawa. Wachira, yule muuza spea za magari anayekula hapa kila mchana, akamwita mbele ya watu: "Mama, leo umetupikia mboga ama dawa ya malaria?"

"Ulimi wako umeharibiwa na soda," Mama akamjibu. Watu wakacheka, na yeye pia.

Lakini sahani zilirudi. Siku moja zilirudi kumi na nne kati ya thelathini. Nikamwambia, "Mama, sasa pumzika, nimemwandika Jeruto kazi ya kupika." Akaniuliza, "Nimekosa nini?" Nikasema ni umri. Alikuwa na miaka sitini na moja. Alifunga mwiko wake kwenye leso, akarudi Sirisia, na hakuniuliza tena.

Miguu ilianza kuvimba Agosti 2008. Tulisema ni kutembea sana sokoni. Tulipomfikisha hospitali Aprili mwaka huu, figo zilikuwa zimechoka kabisa. Daktari akaniuliza chakula kilianza lini kumpotelea ladha mdomoni, maana figo zikiharibika, kwa wengine huwa hivyo. Juzi, daftari likiwa wazi mbele yangu, ndipo nilipohesabu. Kutoka ile moja hadi siku hiyo ilikuwa miezi ishirini na minane.

Daktari alisema pia hawezi kuapa kwamba tungemwokoa. Nimekubali. Lakini katika miezi hiyo yote ningempeleka kliniki, badala ya kumwonea aibu mbele ya wateja. Hilo ni langu, silitupi kwako. Ila mimi sikujua namba ile inasema nini, nilidhani ni michezo yenu ya chuo. Wewe ndiye uliyesomea.

Nangila anakusalimu sana, hajui nimeandika haya. Mukhwana pia, na Lenah, kitinda mimba wangu, anauliza kama huko kuna managu. Mungu akuhifadhi ugenini, akupe afya na watu wa kukujali ukiugua.

Jumamosi tarehe 12 Desemba tutakuwa sote Sirisia. Nipigie simu kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Jibu lako likiwa hapana, njoo na vikaratasi vyako, watoto nitawapanga mwenyewe kwenye benchi. Likiwa ndiyo, njoo tu, ni kwenu, lakini hakuna mtoto wangu atakayelamba kitu. Sitaki kuelezwa habari za vipokezi. Nataka neno moja: siku ile ulipoiona moja ya Mama, uliikumbuka saba yake ukanyamaza, ndiyo au hapana?

Dada yako, na upendo wangu kwako haujapungua,

Sellah